Turathi ya Umma Lazima Itolewe Hesabu

Kifungu cha 2A cha katiba ya zamani kilipofutwa mwezi Desemba 1991, wapo waliodhani kwamba kazi ya mageuzi imekwisha. Sisi tulishikilia, na hadi leo tunashikilia, kwamba wingi wa vyama si demokrasia kamili. Demokrasia ni haki ya mwananchi kumwuliza kila aliyekabidhiwa mali ya umma: umeitunzaje? Swali hilo lahusu hospitali, barabara na misitu. Lahusu pia mahali pa kale pa wazee wetu.

Huko Nchiru, katika Tigania, ipo nyumba ya Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Wameru. Baraza hilo lilitunga sheria, likaamua kesi na kulinda misitu kabla ya serikali ya kikoloni kufika. Mahali hapo pametangazwa kuwa turathi ya taifa. Mjini Meru, jengo la zamani la Mkuu wa Wilaya limekuwa makumbusho tangu mwaka 1974. Yote mawili ni amana ya umma.

Je, nani huitolea amana hii hesabu? Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, yaipa serikali ya taifa majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa. Jedwali hilo hilo lazipa kaunti mambo ya utamaduni na makumbusho. Wazee nao ni walinzi kwa mila. Walezi ni watatu, na kila mmoja anaweza kumwonyesha mwenzake kidole paa linapovuja au ua unaposogezwa usiku. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Hofu yetu si ya bure. Taarifa ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria, wala haikuacha kutaja ardhi ya makumbusho na ya mahali pa kale. Upande wa Embu, katika Mbeere, vichaka vitakatifu vililindwa kwa mwiko vizazi na vizazi. Ardhi ilipopimwa na kuandikwa kwa majina ya watu binafsi, kuanzia miaka ya 1970, mwiko ulikosa nguvu mbele ya hati, na vichaka vingi vikakatwa. Hayo hutokea pale ambapo ulinzi wa zamani umeondolewa na ulinzi wa sheria haujaulizwa na mtu.

Wapo ndugu zetu makanisani wasemao kwamba mambo ya Njuri ni ya kipagani, hayatuhusu. Twawajibu kwa heshima. Mchungaji Philip M'Inoti wa Kanisa la Methodisti aliandika habari za asili na desturi za Wameru, na wokovu wake haukupungua. Askofu David Gitari, alipoongoza Dayosisi ya Mlima Kenya Mashariki, alipinga hadharani kura ya mlolongo, akatufundisha kwamba mambo ya umma ni mambo ya Mkristo. Injili nayo yatusimulia habari za wakili aliyeitwa atoe hesabu ya mali asiyokuwa mwenyewe. Hatudai mtu yeyote aabudu mahali pa kale. Twadai pasiibiwe.

Kwa wazee wetu twasema pia: nyumba ya baraza isiwe ukumbi wa kumvisha joho kila mwanasiasa atafutaye kura. Heshima ya Njuri ilitokana na haki.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, mipaka ya kila mahali palipotangazwa ipimwe, na hati yake ionyeshwe wananchi. Pili, fedha zilizotengwa, viingilio na misaada vitangazwe kila mwaka, na taarifa ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu isomwe barazani kwa lugha inayoeleweka. Tatu, pasijengwe wala kubomolewa kitu bila wananchi kusikilizwa.

Njia ipo. Kifungu cha 35 cha Katiba chatupa haki ya kupata habari, na sheria ya mwaka 2016 yaitaka ofisi ya umma ijibu katika siku 21. Kila kikundi cha haki na kila kamati ya parokia, kutoka Maua hadi Siakago, iandike barua moja, itunze nakala, ihesabu siku. Asiyejibu aandikiwe tena, na jina la ofisi yake lisomwe mbele ya watu.