Shimo Wazi na Reli Isiyo na Lango

Ndugu zetu wa Kisii na Nyamira,

Wako watakaotuuliza: reli inatuhusu nini sisi watu wa milimani? Reli ilifika Kisumu mwaka wa 1901, na tangu hapo haijapanda vilima vya Gusii. Chai yetu na ndizi zetu husafiri kwa lori, na sisi wenyewe kwa basi na matatu. Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu.

Kwanza, watoto wetu hawaishi Gusii peke yake. Wako Nairobi, Nakuru na Kisumu, na wengi wao huvuka reli wakienda kutafuta riziki. Tarehe 30 Oktoba 2013, katika kivuko cha Mutindwa, Nairobi, garimoshi liligongana na basi la abiria na watu wasiopungua 11 wakafa. Tarehe 7 Agosti 2025, huko Morendat, Naivasha, garimoshi liligonga basi lililobeba wafanyakazi, na watu wasiopungua 8 wakafa. Kati ya misiba hiyo miwili ilipita karibu miaka 12. Pili, mpango wa kuiendeleza reli ya kisasa kutoka Naivasha hadi Kisumu unapita Narok na Bomet na kuingia Nyamira. Jambo lililokuwa la jirani sasa linabisha hodi kwetu.

Kila msiba unapotokea tunaimbiwa wimbo ule ule: dereva ndiye mwenye makosa. Sisi hatumtetei dereva mzembe. Anayeshindana na garimoshi huku amebeba roho za watu ana hesabu ya kutoa mbele ya hakimu na mbele ya Mungu. Lakini kesi haiishi hapo. Someni Kutoka 21:33-34. Mtu akichimba shimo asilifunike, na mnyama wa mwenzake akatumbukia, mwenye shimo ndiye alipaye. Torati haikumuuliza mwenye ng'ombe kwa nini mnyama wake hakutazama njia. Someni tena Kumbukumbu la Torati 22:8, panapoagizwa kwamba ajengaye nyumba aweke ukingo juu ya dari ili damu isiwe juu ya nyumba yake. Basi aliyekata barabara ya watu kwa reli amejenga dari, na ukingo wake ni kizuizi.

Kizuizi chenyewe si muujiza. Mkondo mdogo wa umeme hupitishwa katika vyuma vya reli. Magurudumu ya garimoshi yakiingia hapo, mkondo haufiki tena kwenye mtambo, nao mtambo huwasha taa nyekundu, hupiga kengele na kushusha mti wa kizuizi. Kanuni kuu ya mafundi ni hii: kikiharibika, kiharibikie upande wa usalama. Umeme wa gridi ukikatika, betri ishike kazi. Betri nayo ikiisha, mti ushuke kwa uzito wake wenyewe na kuifunga barabara. Nchi iliyotiwa gizani karibu yote usiku wa 25 Agosti 2023 haina udhuru wa kununua kizuizi kisichofuata kanuni hiyo.

Hata hivyo, mtambo bila utawala unaowajibika hautoshi. Tarehe 6 Januari 1968, huko Hixon, Uingereza, lori lenye transfoma ya tani 120 lilikuwa likivuka reli polepole penye vizuizi vya kujiendesha. Tangu onyo kuanza hadi garimoshi kufika zilipita sekunde 24 tu. Watu 11 wakafa. Simu ya kumwarifu mwongoza magarimoshi ilikuwapo kando ya reli, lakini waliokuwa na lori hawakuitumia, maana maagizo yake hayakuwa yamewafikia ipasavyo. Uchunguzi ukafanywa hadharani, ripoti ikachapishwa mwaka huo huo, na lawama ikaifikia hata Wizara. Kisha kanuni zikabadilishwa. Hixon walikufa 11. Mutindwa hawakupungua 11. Je, msomaji, ripoti ya Mutindwa umeisoma wapi?

Hapa ndipo reli inapokutana na siasa ya mageuzi. Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, hatukudai vyama vingi ili tupate rangi nyingi za bendera. Tulidai ili mwenye madaraka aulizwe, naye ajibu. Katiba ya 2010 inalinda uhai katika Kifungu cha 26, inatupa haki ya habari katika Kifungu cha 35, na Kifungu cha 22 kinatufungulia mlango wa mahakama. Haki isiyotumiwa ni jembe lililotundikwa darini wakati wa mvua.

Kwa hiyo tunadai mambo manne. Kwanza, orodha ya vivuko vyote vya reli itangazwe, pamoja na jina la ofisi inayowajibika kwa kila kimoja. Abiria walirejeshwa kwenye reli ya zamani ya Nairobi na Kisumu Desemba 2021, na makazi yameisogelea mno. Pili, penye magari mengi pawekwe taa, kengele na kizuizi, kwa muda unaolitosha lori lililojaa kuvuka, na nambari ya simu isomeke kwa Kiswahili. Tatu, kila kifo kichunguzwe na ripoti ichapishwe. Nne, katika Nyamira, madaraja na njia za chini zipangwe na wananchi barazani kabla mkandarasi hajaleta tingatinga. Daraja likiwekwa mbali na njia ya shule au ya mtoni, mtoto atapenya uzio, na kesho ataitwa mzembe.

Tunawaomba wazee wa makanisa, Waadventista siku ya Sabato na Wakatoliki siku ya Jumapili, walisome dai hili baada ya ibada. Kila kanisa liandike barua moja kwa Shirika la Reli, kwa kuitaja Sheria ya Kupata Habari ya mwaka wa 2016, na kutunza nakala. Barua moja hutupwa kapuni. Barua za makanisa mia, zenye nakala mikononi mwa mawakili, ni ushahidi.

Tusingoje kuitwa kwenye mazishi ndipo tuulize lango lilikuwa wapi.