Gundi, Wembe na Ndege ya Vipande



Mama mmoja ametuletea swali ambalo halijawahi kufika katika safu hii. Mwanawe wa miaka 12 ameletewa na mjomba wake, kutoka Dubai, sanduku la ndege ya plastiki ya kuunganishwa kipande kwa kipande. Kijana halali kwa furaha. Mama naye aonacho ni kichupa cha gundi chenye harufu kali na kisu chenye makali ya wembe. Auliza: nimruhusu, au nilifungie kabatini?

Rai yetu ni amruhusu, kwa masharti. Hofu yake ina msingi, basi tuanze na gundi. Vipande hivyo ni vya plastiki iitwayo polistirini, na gundi yake haigandishi tu kama ile ya karatasi. Huiyeyusha plastiki yenyewe pande zote mbili, zikashikana na kuwa kitu kimoja mfano wa chuma kilichochomelewa. Kinachoyeyusha ndicho kinachonuka, na mvuke wake haufai kuvutwa. Kwa hiyo kazi ifanyike karibu na dirisha lililo wazi, mbali na moto na watoto wachanga, na kichupa kifunikwe kila mara. Ikiwa nyumbani kuna mwenye pumu, kijana atoke nje barazani. Wembe ukae kwa mama, utoke kwa kazi na urudi kwake. Mara nyingi hata hauhitajiki: kikata kucha hutosha kuvitenga vipande na vijiti vinavyovishika, na msasa laini huondoa kovu linalobaki.

Sanduku lenyewe, atwambia, limeandikwa Dakota, 1:72. Hilo ndilo jina Waingereza walilompa Douglas DC-3 wa Marekani alipoingia jeshini. Ndege hiyo iliruka mara ya kwanza Desemba 1935. Mabawa yake, ncha hadi ncha, ni karibu mita 29. Gawanya kwa 72, upate sentimita 40, basi mama atayarishe nafasi juu ya kabati. Hesabu hiyo yafaa kufanywa na kijana mwenyewe, kwani itamwonyesha jambo jingine: tone la gundi lililovimba milimita 1 ni sawa na uvimbe wa sentimita 7 juu ya ndege halisi.

Kijana atataka kuyabandika mabawa usiku uleule. Asiharakishwe, wala mjomba asimfanyie. Kwanza vipande vioshwe kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa sababu hutoka kiwandani vikiwa na mafuta mafuta yanayokataa rangi, kisha viachwe vikauke. Halafu ianzwe kazi ya ndani. Mwili wa ndege huja nusu mbili, kushoto na kulia, na madirisha ya abiria hupachikwa kwa ndani. Zikishafungwa nusu hizo, dirisha lililosahauliwa au chumba cha rubani kisichopakwa rangi hakifikiki tena. Ndiyo maana wajuzi huzijaribu nusu zote bila gundi kwanza, wakizishika kwa selotepu au vibanio vya nguo, na kutazama penye mwanya. Kwa madirisha itumike gundi nyeupe ya shule. Ile iitwayo supaglu huacha ukungu mweupe juu ya plastiki angavu, na ukungu huo ni taabu kuuondoa.

Huenda humo sandukuni mkawa na vijisanamu vya marubani. Familia isiyopenda sanamu za viumbe iviache. Ndege haipungukiwi na kitu.

Rangi za maji ndizo bora kwa nyumbani. Ipakwe nyembamba, mara mbili au tatu, na kila safu ikauke kabla ya nyingine. Hapa kwetu Pwani, msimu wa mvua hewa huwa nzito na rangi hukawia kukauka, basi ikae siku nzima. Alama huja katika karatasi: huloweshwa majini, zikateleza hadi mahali pake. Uso wa ndege uwe laini na wa kung'aa kwanza, ama sivyo hewa hunaswa chini na alama huonekana kama ina magamba ya fedha.

Na hapa sisi tungemshauri kijana aziweke kando alama za jeshi. Ndege hizihizi zilitumiwa na Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanza mwaka 1946 na kuvunjika mwaka 1977. Mama aulize kwa mabibi na mababu. Huenda mmoja wao alipanda Dakota, au ana picha ya kusindikiza msafiri uwanjani. Picha hiyo itamwonyesha kijana wapi mistari ilipita na jina liliandikwaje. Baada ya uhuru, usajili wa ndege za Kenya ulianza kwa 5Y, za Tanzania 5H na za Uganda 5X. Herufi hizo aweza kuziandika mwenyewe kwa brashi nyembamba, na dada yake, kama ana mkono uliozoea hina, huenda akamshinda.

Rafadha na antena zipachikwe mwisho kabisa, kwani ndizo zinazovunjika mdogo wao akipita na mpira.