Pikipiki za Mamilioni, Kamba ya Bodaboda: Kilichokatwa Kwenye Picha za Kwihara

Staa wa Bongo asiye na video ya jangwani siku hizi anaonekana kama bwana harusi aliyesahau suti. Video yenyewe wote wanaijua. Mchanga mwekundu wa Dubai, pikipiki ya matairi manne inapanda tuta na kushuka, kilemba kinapepea, kisha machweo, mazulia, na ngamia amejichokea zake pembeni. Anayepunguza upepo wa matairi ili gari lisizame haonekani. Anayechoma nyama haonekani. Ni staa na mchanga tu, kana kwamba alizaliwa humo.

Kwa hiyo kiangazi hiki, mwimbaji mmoja mwenye jina kubwa alipotangaza kwamba safari hii haendi Dubai bali Tabora, mashabiki walimpigia makofi, na walikuwa na haki. Msafara ulikuwa wa watu tisa: yeye, mchekeshaji mmoja ambaye hakuna asiyezijua klipu zake, mwanadada wa vipodozi, wafanyabiashara kadhaa wa Kariakoo na washkaji wao. Pikipiki saba za maana, zile ambazo bei ya moja inasimamisha nyumba Chanika. Dar, Dodoma, Manyoni, Itigi, halafu kuiacha lami makusudi na kuingia njia za porini mpaka Tabora, na kambi ya siku mbili Kwihara, kilomita chache nje ya mji. Hela ya bata ikaliwa ndani ya nchi. Droni ikapaa juu ya miombo. Picha zilikuwa kali, hilo halina ubishi.

Ugomvi ulianzia kwenye maneno yaliyoandikwa chini ya picha. Kundi lilijitapa kwamba limelivuka jangwa la Tabora peke yake, bila msaada wa mtu yeyote.

Jangwa tusiligombanie sana. Tabora haina jangwa, ina asali, tumbaku na maembe, na miombo inayokwenda mpaka macho yanachoka. Ila mchanga upo. Kiangazi kikikolea, njia za vumbi za kule zinakuwa unga mtupu, tairi linaingia kama kidole kwenye uji. Na pori walilolikatiza, kati ya Ugogo na Unyanyembe, misafara ya zamani ililiita Mgunda Mkali kwa sababu ya ukame wake na uhaba wa chakula njiani. Mwaka 1857 Burton na Speke walipopita huko walitumia siku 134 kutoka pwani hadi Kazeh, ambayo ndiyo Tabora ya leo. Mtoto wa mjini akiliita pori hilo jangwa, asamehewe.

Lile la peke yao ndilo lililochafua hewa.

Siku mbili baadaye, dereva bodaboda mmoja wa Tabora aliposti klipu yake. Imepigwa kwa simu ya kawaida, inatikisika, upepo umejaa kwenye sauti. Pikipiki kubwa imezama mpaka kwenye injini. Staa amekaa kwenye kivuli, helmeti mapajani. Vijana wanne waliovaa ndala wanavuta kamba, wa tano anasukuma kwa nyuma huku tairi likimmwagia mchanga mdomoni. Pembeni kuna pikapu imejaa mahema, majiko, jenereta na katoni za maji. Halafu, huku nyuma kabisa, bodaboda yenye gunia la mkaa inaupita mchanga ule ule taratibu, wala haipunguzi mwendo. Kipande hicho ndicho kilichowamaliza watu.

Kuzama si aibu. Pikipiki ya safari ndefu ina zaidi ya kilo 200 kabla hujaweka mizigo. Bodaboda ya CC 125 ni nyepesi karibu nusu yake, na anayeiendesha amekulia kwenye mchanga huo huo. Wazoefu wanasema siri yake ni kupunguza upepo wa matairi, kusimama kwenye vikanyagio, kusogeza uzito nyuma, kutazama mbali, na kutoachia mafuta usukani unapoanza kucheza. Hapo kwenye usukani kucheza ndipo wengi wanapoingia woga na kukamata breki ya mbele. Ukiikamata hiyo kwenye mchanga, kwisha habari yako. Hata mabingwa wanaolipwa kwa kazi hiyo wanaanguka.

Tatizo ni kwamba watu watano walivuta kamba, wawili waliendesha pikapu, mmoja alipika siku zote, fundi mmoja alibadilisha tyubu usiku kwa tochi ya simu, na wote hao wakakatwa kwenye picha. Na mahali palipochaguliwa kuwakatia ni Kwihara. Dunia nzima, Kwihara!

Kambi ilipigwa karibu na tembe la Kwihara, ambalo leo ni makumbusho. Ni nyumba ya kuta nene za udongo, paa bapa na milango ya kuchonga, ya enzi za wafanyabiashara Waarabu wa pembe na watumwa. Wenyeji na wageni wanaliita tembe la Livingstone. Kundi zima likajipanga mlangoni, likapiga picha na kuandika kwamba linafuata nyayo za Livingstone na Stanley. Wangekaa ndani dakika kumi zaidi wangejua Livingstone alifanya nini hasa pale Kwihara.

Alisubiri wapagazi.

Yeye na Stanley walifika hapo Februari 1872 wakitokea Ujiji. Tarehe 14 Machi Stanley akaondoka kuelekea pwani, akiwa ameahidi kumtumia watu wa kubeba mizigo. Livingstone akabaki. Machi ikaisha, Aprili, Mei, Juni, Julai. Mzungu maarufu kuliko wote waliokuwa ndani ya Afrika wakati huo alikaa kwenye tembe lile akiandika na kuhesabu siku, kwa kuwa bila wapagazi hakuna safari. Watu hao, 57, walifika katikati ya Agosti, na tarehe 25 ya mwezi huo akaweza kuondoka. Nyumba ikapewa jina la aliyesubiri. Waliosubiriwa majina yao hayamo mlangoni.

Mwaka uliofuata mwili wake ulipita hapo hapo. Alifariki kule ambako leo ni Zambia, na kina Susi na Chuma na wenzao wakaubeba kwa miguu, zaidi ya kilomita 1,500, mpaka Bagamoyo. Walipofika Kwihara Oktoba 1873 walimkuta Mwingereza mwingine, Cameron, akawashauri wauzike pale pale waachane na taabu. Wakakataa. Wakaendelea mpaka baharini. Aprili 1874 yakafanyika mazishi makubwa London, Westminster Abbey, na Susi na Chuma hawakuwepo. Walipelekwa Uingereza baadaye, kaburi limeshafunikwa. Kumwacha aliyebeba nje ya picha si mtindo wa Insta, ni mambo ya zamani sana.

Kuna jambo jingine la Unyamwezi ambalo mastaa wangelipenda kama wangelijua. Kwa Wanyamwezi wa karne ya 19, kijana ambaye hajafika pwani alikuwa bado mtoto. Alikwenda, akabeba mzigo wa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na mwenye pembe la ndovu mara nyingine zaidi ya hapo. Akirudi anarudi na nguo, shanga na stori, na kijiji kizima kinamtazama. Kwa maneno mengine, kusafiri mbali ili uonekane umetoboa hakukuletwa na simu. Kijana wa Tabora alishafanya hivyo kabla ya reli. Tofauti ni moja tu, kwamba alichorudi akivimba nacho alikibeba mwenyewe begani.

Na hakuwa mnyonge kiasi kile watu wanachodhani. Mpagazi aliyejiajiri alipatana ujira wake kabla ya kunyanyua mzigo, alidai posho yake, na akiona anaonewa aliutua chini akatoroka usiku, mwenye msafara akaamkia mizigo mitupu. Mbele ya msafara alitembea kirangozi na bendera nyekundu, amejipamba manyoya, anajulikana ni nani. Angalau huyo hakuna aliyethubutu kumkata. (Neno posho bado tunalo mpaka leo, na ugomvi wake tunao vile vile.)

Njia hiyo ilikuwa na wengine ambao hawakupatana chochote, waliopitishwa wakiwa wamefungwa shingo. Ndiyo sababu ile picha ya mmoja wa kundi aliyejivisha mnyororo wa kuvutia gari shingoni, akicheka mbele ya tembe, ilipofutwa baada ya saa chache hakuna aliyeitetea. Bora hivyo.

Wanaomtetea staa wana hoja moja nzito, na inastahili kujibiwa. Wanasema vijana walilipwa. Kazi imefanyika, hela imetoka, jina la nini tena? Nani anamtaja fundi aliyemziba pancha Ubungo? Kwa maelezo ya kijana mwenye klipu, watano walipewa shilingi 20,000 ya kugawana na soda juu, halafu wakaahidiwa kutagiwa. Upande wa staa haujakanusha. Elfu nne kwa kila mtu kuitoa shimoni mashine ya mamilioni, kwa bei za Tabora wapo watakaosema si haba.

Lakini safari hii haikuwa ya kuziba pancha. Ilikuwa ya kutengeneza picha, na picha zile zimeuzwa. Pikipiki zilikuwa na stika za wadhamini, mahema yalikuwa na nembo, kinywaji kiligeuzwa lebo ielekee kamera kila kilipoonekana. Kwenye biashara ya namna hiyo, kutajwa ni sehemu ya malipo, na mastaa wanalijua hilo kuliko mtu yeyote, maana wenyewe wakiposti picha ya duka bila kulipwa wanaona wameibiwa. Dereva bodaboda anayeijua kila njia ya mchanga kati ya Tura na Kwihara, akitajwa mara moja na mtu mwenye wafuasi milioni kadhaa, msimu ujao ana wateja. Asipotajwa anarudi kwenye gunia la mkaa. Hiyo ndiyo bei halisi ya kamba ile, na ndiyo ambayo haijalipwa.

Tena alikuwa ameahidiwa.

Cha ajabu, dawa ya jambo hili ilikuwepo ndani ya kundi lenyewe. Mchekeshaji aliposti jinsi alivyoanguka mara sita kwenye kilomita moja. Ya mwisho ameanguka kama gunia, miguu juu, na vijana wa bodaboda wanacheka mpaka wanashika magoti, kisha mmoja anamkalisha kwenye pikipiki yake ya CC 125 na kumfundisha pa kuweka uzito. Akawatagi wote watano, na mpishi, na fundi. Akaeleza nani alimvutaje. Klipu hiyo ndiyo iliyopendwa kuliko zote za safari nzima, ikiwemo ile ya droni na machweo iliyogharimu hela za watu. Hakuna aliyemwona dhaifu. Watu wameanza kumuuliza Tabora inafikikaje.

Staa mwenyewe, hadi sasa, amebadilisha maneno ya chini ya picha na kuweka alama ya moyo. Hakuomba radhi, hakumtaja mtu, ila lile la peke yetu limeondoka. Wapo wanaosema ni menejimenti ndiyo iliyofuta. Wadhamini nao kimya. Taarifa zinazovuja ni kwamba awamu ya pili imeshapangwa, kutoka Kwihara kwenda Ujiji, njia ile ile ya zamani kuelekea ziwani, na kwamba pikapu zitakuwa mbili.

Kule Tabora, kijana wa klipu amebadilisha jina la akaunti yake, sasa anajiita Kirangozi. Kundi moja la pikipiki la Mwanza limeshamtafuta kwa ajili ya mwezi wa kumi. Safari hii bei anaitaja kabla ya kushika kamba, na kutagiwa kumeandikwa humo.