WALIOPIGANA WAPIMWE KWAO

Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, twawakumbuka waliokufa kwa ajili ya nchi hii. Waliolala Kaboya, wilayani Muleba, wana makaburi yao ya heshima, na ni haki yao. Leo twasema habari za wale waliorudi hai.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia ardhi yetu kaskazini ya Mto Kagera. Askari wetu, pamoja na maelfu ya mgambo kutoka vijijini, waliyafukuza, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Risasi hazikulia Ngara wala Biharamulo, lakini vijana wa huko walikwenda. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule amekwisha kupita 65.

Nani amewapima? Aliyekatwa mguu huonekana. Lakini masikio yaliyokufa kwa mishindo ya mizinga, kipande cha chuma kilichobaki mwilini, mzee anayeruka kitandani usiku akipiga kelele, hayo huonwa na mkewe tu. Majirani husema karogwa, au ni pombe. Ndugu, si uchawi. Ni jeraha la vita. Waingereza waliliona kwa askari wao katika Vita Kuu ya 1914–1918, na mwaka 1980 madaktari wa Marekani waliliandika rasmi katika kitabu chao cha magonjwa ya akili, baada ya vita vya Vietnam. Lina matibabu, lakini hutibiwa aliyepimwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Wako watakaosema: waende Bukoba, au Bugando kule Mwanza. Nauli ya mzee wa Rulenge au Nyakahura atalipa nani? Na mgambo aliyerudi kwenye jembe mara nyingi ushahidi wake ni kovu lake. Bila maandishi ya daktari, akidai haki yake nani atamsikiliza?

Wengine watasema haiwezekani. Twawakumbusha mwezi Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walipovuka Rusumo kwa muda wa siku moja tu. Waganga walifika Benaco, mahema ya tiba yakasimama. Lililowezekana kwa wageni wetu haliwezi kushindikana kwa wazee wetu.

Kwa hiyo twaiomba Serikali mambo matatu. Kwanza, daktari, mpimaji wa masikio na muuguzi wa magonjwa ya akili wazunguke tarafa zote za Ngara na Biharamulo. Pili, kila aliyepimwa apewe cheti mkononi. Tatu, mgambo na askari wapimwe sawa, maana risasi haikuwabagua.

Nanyi wanachama, msingoje. Kila balozi aandike majina ya waliopigana katika shina lake, na wajane wao, ayapeleke tawini. Nchi ilipowaita, hawakuuliza nauli. Sasa ni zamu yetu kuwafuata walipo.