Matembezi ya watoto si lazima yawe siku ya Krismasi

Kila inapokaribia Desemba, mzazi huanza kusikia swali lile lile kutoka kwa watoto: "Tunakwenda wapi Krismasi?" Swali hili huulizwa Kawempe na Ndejje, na huulizwa pia Busia, Malaba na Mutukula, ambako mtoto wa mfanyabiashara amezoea kumwona baba au mama akitoka Kampala na mizigo, naye anatamani siku moja apelekwe yeye mwenyewe. Kwa ndugu zetu waliorejea kutoka Dubai, Juba au Uingereza baada ya miaka ya kyeyo, swali ni zito zaidi. Kila mtoto wa ukoo anaamini kwamba mjomba amerudi, na kwa hiyo mwaka huu mambo yatakuwa mambo.

Hakuna ubaya katika swali hilo. Tunazungumza sana kuhusu karo, sare na madaftari, lakini ni nadra kuzungumza kuhusu mchezo, ilhali mtoto anauhitaji. Ninachotaka kusema leo ni kwamba wengi wetu tunatumia muda mrefu kuchagua mahali pa kwenda, lakini hatutumii hata dakika moja kuchagua siku. Na katika jiji hili, siku ndiyo inayoamua kama mtoto atarudi nyumbani na kicheko au kama mzazi atazunguka vituo vya polisi akimtafuta.

Tuangalie hali ilivyo. Kampala haina viwanja vingi vya umma ambako mtoto anaweza kuingia bure na kucheza. Kwa hiyo ikifika sikukuu, familia zote huelekea sehemu zile zile chache. Wapo wanaokwenda Entebbe kuwaona simba na sokwe katika kituo cha elimu ya wanyamapori, ambacho kilianza mwaka 1952 kama makao ya wanyama yatima na ambacho wengi bado wanakiita zuu. Wapo wanaokwenda fukwe za Ziwa Viktoria, kuanzia Ggaba hadi Entebbe. Wapo wanaopeleka watoto kwenye bembea, kama zile za bustani ya Kansanga tuliyoijua kwanza kwa jina la Didi's World na baadaye Wonder World. Wengine huishia kwenye majengo makubwa ya maduka, ambako waandaaji huweka muziki, majumba ya upepo ya kurukaruka na fataki za usiku.

Sehemu hizi zote zina mwaka mzima wa kupokea wageni, lakini sisi huzivamia siku tatu: Desemba 25, Desemba 26 na Januari 1. Ndugu zetu Waislamu hufanya hivyo hivyo siku za Idd. Matokeo yake yanajulikana. Barabara ya Entebbe hujaa tangu asubuhi. Taksi hupandisha nauli. Mtoto husimama saa nzima kwenye foleni ili azungushwe dakika tatu. Mama hununua soda kwa bei ambayo hajawahi kuisikia. Jioni kila mtu amechoka, fedha zimekwisha, na ukimuuliza mtoto alichokiona, atakujibu kwamba aliona migongo ya watu.

Kama hasara ingekuwa hiyo tu, nisingeshika kalamu. Lakini tumekwisha kuzika watoto kwa sababu ya msongamano wa sikukuu.

Usiku wa kuamkia Januari 1, 2023, umati ulikusanyika Freedom City, pale Namasuba kwenye barabara ya Entebbe, kuukaribisha mwaka mpya. Ulipofika usiku wa manane watu walitoka kutazama fataki, na katika msukumano uliotokea, watu wasiopungua 9 walipoteza maisha. Wengi wao walikuwa watoto na vijana wadogo. Taarifa za wakati ule zilieleza kwamba watu walikwama katika ujia mwembamba. Mwandaaji alikamatwa, nasi tukalaani na kulia, kisha ikaja Desemba nyingine.

Tena si Uganda peke yake. Majirani zetu Watanzania hawajasahau Idd el Fitr ya mwaka 2008 mjini Tabora, pale watoto wapatao 20 walipofariki katika ukumbi uliokuwa na disko toto. Watoto walikuwa wengi kupita uwezo wa ukumbi, na hewa haikuwatosha.

Kwenye maji nako hesabu ni ile ile. Novemba 24, 2018 mashua ya starehe iliyoitwa MV Templar ilizama Ziwa Viktoria upande wa Mukono ikiwa na watu zaidi ya uwezo wake, na zaidi ya watu 30 walikufa. Wale walikuwa watu wazima waliokwenda kustarehe, na hawakudhani kwamba kuna sababu ya kuhesabu vichwa kabla ya kupanda.

Ni vizuri msomaji aelewe jinsi msongamano unavyoua. Wengi tunafikiri kwamba watu hufa kwa kukanyagwa baada ya kuanguka. Wapo wanaokufa hivyo, lakini wengi hukosa hewa wakiwa wamesimama. Walio nyuma husukuma bila kujua kinachotokea mbele, na walio mbele hubanwa hadi kifua kishindwe kupanuka. Mtu mzima anaweza kuinua kichwa na kutafuta hewa, lakini mtoto wa miaka 8 kichwa chake kiko usawa wa mbavu za watu wazima. Ndiyo maana orodha za vifo vya namna hii hujaa majina ya watoto.

Nikisema tubadilishe siku, najua nitakachojibiwa. Wa kwanza atasema kwamba sikukuu ni sikukuu, na raha yake ni kuwa pamoja na watu. Hoja hiyo naiheshimu. Lakini sikukuu yenyewe ni ibada, ni pilau au matoke na kuku mezani, ni ndugu kutembeleana na watoto kuvaa nguo mpya. Hayo yote yafanyike siku yake, nyumbani na kwa jamaa. Bembea na simba hawana kalenda ya kanisa wala ya msikiti. Simba wa Desemba 26 ndiye yule yule wa Januari 12, tofauti ni kwamba Januari mtoto atamwona.

Wa pili ni mfanyabiashara wa mpakani. Huyu nataka nizungumze naye kwa lugha ya biashara. Ndugu yangu, ni nani kati yenu hununua mzigo siku ambayo bei iko juu kuliko siku zote za mwaka? Hakuna. Mnajua siku ya gulio, mnajua siku ambayo foleni ya malori Malaba ni ndefu, na mnasubiri. Sasa kwa nini matembezi ya familia myanunue kwa bei ya juu? Isitoshe, Desemba ndiyo mavuno yenu. Mtu anayeuza nguo na viatu Busia hawezi kufunga duka Desemba 23. Hutoka usiku wa tarehe 24 akiwa hoi, anapakia watoto kwenye basi lililojaa, naye ndiye anayetegemewa kuwa macho ufukweni kesho yake. Lakini ikifika katikati ya Januari soko limelala, na msongamano wa mabasi umepungua. Hapo ndipo penye likizo yake.

Kalenda za shule nazo zisomwe vizuri. Nchini Uganda muhula wa kwanza kwa kawaida huanza Februari, kwa hiyo karibu Januari nzima watoto wako nyumbani. Kwa wale ambao watoto wao wanasoma Kenya au Tanzania, shule hufunguliwa mapema Januari. Hao watazame wiki ya pili na ya tatu ya Desemba, shule zikiwa zimefungwa na umati haujaanza, au siku za kazi kati ya Desemba 27 na 30. Na mtoto anayevuka mpaka huhitaji karatasi zake mwenyewe. Mzazi aulize ofisi ya uhamiaji wiki mbili kabla, asingoje kuambiwa dirishani huku basi likipiga honi.

Wa tatu atasema kwamba Januari hakuna fedha, kwa sababu karo inasubiri. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, nami sitaki kuipita juu juu. Jibu langu ni kwamba fedha za matembezi zitengwe tangu Novemba katika bahasha yake, na kiasi kile kile kitafanya kazi kubwa zaidi siku isiyo na umati. Lakini kama karo ya Januari ingeimeza bahasha hiyo, basi ukweli ni kwamba safari ya Desemba nayo hatukuwa na uwezo nayo. Tulikuwa tunakopa kutoka kwenye dawati la mtoto ili tumnunulie bembea.

Wa nne ni aliyerejea kutoka ughaibuni. Huyu ana mzigo ambao wengine hawana. Akitangaza kwamba anapeleka watoto wake watatu Entebbe, asubuhi atakuta watoto 14 wamekaa barazani wamejipaka mafuta, kwa sababu habari imemfikia kila shangazi. Kukataa ni aibu, na kukubali ni mtu mzima mmoja kuchunga watoto 14 kando ya maji. Ushauri wangu ni kwamba asikatae, bali agawe. Wiki hii wa dada, wiki ijayo wa kaka, na kila kundi lije na mama yake au baba yake. Kwa maoni yangu, watoto watatu kwa mtu mzima mmoja watosha, na kando ya maji hata wawili ni wengi.

Najua pia kwamba wapo wasio na uchaguzi. Likizo ya mwajiri wa nje inakwisha Januari 2, na siku iliyobaki ni ile ile ya umati. Hao nawaomba wafike geti linapofunguliwa na waondoke mapema alasiri, wakati wengine ndio wanaingia. Wakifika, kabla ya kununua tiketi yoyote, watafute mlango wa pili wa kutokea na wauonyeshe watoto. Wakubaliane mahali pa kukutana wakipoteana, na waandike namba ya simu kwenye karatasi mfukoni mwa kila mtoto. Waulize bei ya kila mchezo, maana mara nyingi kiingilio hufungua geti tu na bembea hulipiwa mbali. Mashua isiyo na majaketi ya kuokolea maisha kwa kila abiria isipandwe, hata kama nahodha ni jirani. Na pale ujia unapoanza kubana, mzazi ageuke arudi wakati bado anaweza kugeuka. Fataki zinaonekana vizuri hata kutoka mbali.

Hata hivyo, si haki kumtwisha mzazi peke yake. Mwenye bustani au ukumbi anajua eneo lake linabeba watu wangapi. Akifikisha idadi hiyo, afunge mauzo ya tiketi, hata kama nje kuna watu mia wenye fedha mkononi. Milango yote ya dharura iwe wazi na yenye taa, si kufungwa kwa kufuli kwa kuogopa wanaoingia bila kulipa. Na bei nayo itumike kutawanya watu. Kampuni ya Disney nchini Marekani ilianza mwaka 2016 kutoza tiketi ya siku moja kwa bei tofauti, siku za umati ghali na siku za kawaida nafuu. Kinachowazuia wenye bustani zetu kutangaza nusu bei kwa wiki ya pili ya Januari ni nini? Watajaza siku ambazo sasa bembea zao zinashika kutu, na mzazi wa kipato kidogo atapata nafasi.

Mamlaka nazo, yaani polisi na halmashauri za Kampala na Wakiso, zikague kumbi kabla ya sikukuu, maana majuto ni mjukuu. Wala tusiambiwe kwamba umati mkubwa hauwezi kupangwa. Kila Juni 3 mahujaji kutoka Uganda, Kenya, Tanzania, Kongo na kwingineko hujaa Namugongo, na maandalizi ya siku hiyo huanza mapema: magari hupangiwa njia, wauguzi huwekwa tayari na walinzi hujua wanaposimama. Kama hayo yanafanyika kwa hija, yanaweza kufanyika kwa watoto wanaokwenda kuruka kwenye majumba ya upepo.

Kwa hiyo mwaka huu mtoto akiuliza "Tunakwenda wapi Krismasi?" mzazi ajibu: "Krismasi tunakaa nyumbani na bibi. Entebbe tunakwenda Jumanne ya wiki ya pili ya Januari." Amwonyeshe tarehe kwenye kalenda ya ukutani na amwachie aizungushie duara kwa kalamu nyekundu. Kisha atimize ahadi hiyo, maana mtoto anayejua tarehe yake hataona aibu kwamba jirani alitangulia.