KODI YA KIJANA IKIDAIWA MARA MBILI



Twataka kusema neno juu ya vijana wetu walioanza kazi juzijuzi na madai wanayoletewa na afisi ya kodi. Katika karakana yetu yupo fundi mdogo, na mwaka 2024 ulikuwa mwaka wake wa kwanza wa mshahara. Pesa zake zinazotozwa kodi zilikuwa Sh. 30,000 kwa mwezi. Kila mwezi alikatwa Sh. 1,500 kabla hajazishika mkononi, na kwa mwaka mzima zikawa Sh. 18,000. Alipeleka ritani yake mwezi wa Mei 2025, siku nyingi kabla ya tarehe 30 Juni, akapata risiti. Baadaye akaambiwa ana deni: alipe Sh. 18,000 zilezile, na adhabu ya Sh. 900, na riba ya Sh. 180 kila mwezi unaopita.

Mwajiri alikuwa amekwisha kulipa, tena kwa nambari ya PIN ya kijana huyuhuyu. Karatasi ya malipo ipo, tumeiona kwa macho yetu. Kosa lilikuwa katika daftari la afisi ya kodi, ambalo halikumwandikia malipo yake.

Sasa sikilizeni kijana alivyotaka kufanya. Alitaka kukopa katika ushirika ili alipe, maana alikuwa akitafuta cheti cha kuonyesha kwamba hana deni la kodi, apate kuomba kazi nyingine. Bila cheti hicho maombi yake yangetupwa. Alikwenda afisini mara mbili, akaambiwa kwa mdomo arudi wiki ijayo. Akachoka. Wenzake wakamshauri alipe tu, amani ni bora kuliko ugomvi na Serikali.

Sisi tulimkataza. Tulifundishwa misheni kwamba Kaisari ana haki yake, lakini hatukufundishwa kumpa mara mbili. Tena mtu akilipa deni asilodaiwa, kuzirudisha pesa hizo ni kazi kubwa kuliko kulizuia deni lenyewe.

Jambo la kwanza ni kujua kosa ni la nani, maana si kila kosa ni la afisi ya kodi. Wako vijana wanaojaziwa ritani katika vibanda vya kompyuta na mtu asiyetazama fomu ya P9. Huwaandikia sufuri kama watu wasio na kazi, akachukua pesa zake akawaaga. Wako pia waajiri wanaokata kodi wasiipeleke, na hao dawa yao ni nyingine, twajua la kuwafanyia. Kwa hiyo tulianza kwa kuweka karatasi mezani: P9, hati za mshahara za miezi kumi na miwili, risiti ya ritani, na karatasi ya malipo ya mwajiri. Tulipozilinganisha mwezi kwa mwezi tukajua kosa liko wapi.

Jambo la pili ni kuandika. Neno la mdomo kwenye dirisha la afisi halina tarehe wala nambari, na kesho karani mwingine atakuwa amekaa pale. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 yasema mtu asiyekubali uamuzi wa kodi alete pingamizi kwa maandishi katika siku 30 tangu alipojulishwa. Aeleze sababu zake wazi, aseme anataka nini kirekebishwe, aambatanishe ushahidi, na alipe sehemu ya kodi asiyoibishia. Aliyechelewa kwa ugonjwa, au kwa kuwa nje ya Kenya, au kwa sababu nyingine ya haki, aweza kuomba aongezewe muda. Pingamizi likiisha kukubaliwa kuwa limetimia, afisi ina siku 60 za kujibu. Ikinyamaza, sheria yalihesabu pingamizi kuwa limekubaliwa. Akikataliwa, aweza kwenda kwenye Jopo la Rufaa za Kodi, na huko nako ni siku 30.

Basi tazameni kijana wetu, aliyepoteza karibu wiki tatu akingoja "wiki ijayo". Hapa ndipo penye hatari. Sheria hiyohiyo yamtwika mlipaji mzigo wa kuonyesha kwamba uamuzi si sawa. Afisi yaweza kukosea, lakini mwenye kuthibitisha ni wewe. Wazee wetu wa zamani za kodi ya kichwa walizificha risiti zao kama pesa, na hawakuwa wajinga. Vijana huzitupa hati za mshahara siku ya mshahara yenyewe.

Barua iliandikwa, karatasi zote zikaambatanishwa, nambari ya kupokelewa ikatunzwa. Ile Sh. 18,000 ilifutwa. Lakini adhabu na riba zilibaki katika hesabu yake, kana kwamba mtu aweza kuadhibiwa kwa deni ambalo halikuwako! Ikabidi barua ya pili. Kwa hiyo msishangilie mpaka mmeona sufuri katika kila mstari.

Wako wanachama wanaosema kodi ni shauri la mtu na Serikali yake, na chama kishughulike na mishahara. Sh. 18,000 zilizokatwa katika mshahara si mshahara? Tukipigania nyongeza ya Sh. 1,000 kwa mwezi, kisha kijana akalipa kodi ileile mara ya pili, nyongeza ya mwaka mzima imekwisha na bado anadaiwa Sh. 6,000.

Twaiomba Kamati ya Tawi imteue mwanachama mmoja anayejua hesabu na iTax, akae afisini Jumamosi zote za Mei na Juni, vijana wamletee P9 zao kabla ya kupeleka ritani. Na mtu yeyote akiletewa dai la kodi asilolielewa, alilete siku hiyohiyo, na tarehe aliyolipata iandikwe juu yake kwa kalamu ya wino.