Moshi wa mazuti: udanganyifu wa Ujerumani na matokeo yake hadi Kolwezi

Tarehe 18 mwezi wa tisa mwaka 2015, ofisi ya serikali ya Marekani inayolinda mazingira, EPA, ilitoboa siri kubwa: Volkswagen, kampuni ya Ujerumani, ilikuwa inadanganya juu ya moshi wa motokari zake za mazuti. Kesi zimechukua miaka, na matokeo yanagusa hata inchi ya Kongo.

Walifanya namna gani?

Injini ya mazuti inatoa gazi za azoti, zinazoumiza mapafu, zaidi ya watoto na wagonjwa wa asma. Sheria inaweka kipimo, lakini kusafisha moshi huo kunaomba feza. Basi Volkswagen wakaweka programu ya siri ndani ya kompyuta ya motokari. Programu ile ilitambua wakati wa kupimwa: magurudumu yanazunguka, lakini usukani haugeuki. Hapo motokari inasafisha moshi vizuri. Ikitoka barabarani, inaacha. Gazi zilifika hata mara 40 ya kipimo cha sheria.

Waliofungua njia ni watafiti wachache wa chuo kikuu cha West Virginia. Walifunga mashine ya kupimia nyuma ya motokari na kutembea nayo barabarani kule California. Mahesabu yakakataa kulingana na yale ya maabara. Mwishoni Volkswagen yenyewe ikakubali: motokari karibu milioni 11 duniani zilikuwa na programu ile.

Nani alilipwa?

Mwaka 2016, Volkswagen ilikubali kutoa hadi dolari bilioni 14.7 huko Marekani. Mwenye motokari aliweza kuirudisha, alipwe bei yake, na juu yake aongezewe kuanzia dolari 5,100. Zaidi ya motokari 300,000 zilirudi. Nyingine zilipangwa kwenye uwanja wa zamani wa mpira karibu na Detroit, nyingine kwenye jangwa la California. Na mapatano yalikataza kuziuza inchi zingine kabla ya kuzitengeneza.

Ulaya, kulikokuwa na motokari milioni 8.5, mambo hayakuwa vile. Wengi waliitwa garaji, wakabadilishiwa programu, basi. Wajerumani walingoja hadi mwaka 2020 ndipo tribinali yao kuu ikasema mnunuzi alidanganywa na ana haki ya kurudishiwa feza, zikitolewa zile za kilometa alizotembea. Juu ya nini tofauti hiyo? Marekani, watu wengi wanaweza kushitaki pamoja, na serikali ina nguvu ya kutoza faini kali. Ujerumani, sheria ya kuruhusu jambo kama hilo ilianza mwaka 2018 tu.

Wakubwa nao? Martin Winterkorn, aliyeongoza Volkswagen, aliacha kazi siku chache baada ya habari kutoka. Kesi yake ilianza mwezi wa tisa mwaka 2024, ikasimamishwa juu ya afya yake. Mwezi wa tano mwaka 2025, tribinali ya Braunschweig iliwahukumu wakubwa wa zamani wanne, wawili kati yao kifungo cha gereza. Na Volkswagen haikuwa peke yake: Daimler, Fiat Chrysler na Cummins nao walilipa feza nyingi Marekani kwa kesi za moshi wa mazuti.

Na Kongo?

Mwaka 2015, zaidi ya nusu ya motokari mpya za Ulaya Magharibi zilikuwa za mazuti. Leo hazifiki 15 kwa mia. Volkswagen ilikimbilia motokari za umeme; hata mapatano ya Marekani yaliilazimisha kutoa dolari bilioni 2 kwa kazi hiyo, kama vile vituo vya kuchaji. China nayo ilikuwa inasukuma njia ileile. Betri nyingi za motokari hizo zinahitaji kobalti, na karibu sehemu 7 juu ya 10 za kobalti ya dunia zinachimbwa Kongo, zaidi Lualaba na Haut-Katanga.

Lakini soko halina rafiki. Watengenezaji wengi, zaidi wa China, walichagua betri zisizo na kobalti. Migodi nayo ilizidi kutoa, bei ikaanguka, na mwezi wa pili mwaka 2025 Kinshasa ikasimamisha kwa muda kuuza kobalti inje.

Hapo somo la ule moshi linarudi. Leo kampuni za motokari zinaandika kwenye ripoti zao kwamba kobalti yao ni safi, kwamba hakuna mutoto aliyeichimba. Inawezekana ni kweli. Lakini hata motokari za Volkswagen zilikuwa safi kwenye karatasi. Uongo ulionekana siku watu walipotoka ndani ya maabara na kupima barabarani. Kwa kobalti, barabara hiyo ni shimo lenyewe: wanaoshuka ni nani, wanalipwa ngapi, na maji wanayokunywa watu wa kando ya mugodi yako namna gani. Mupimaji asiyefika pale anasoma tu kile alichoandikiwa.